Neno Alilobaki Nalo Mama

Neno la kwanza mama yangu alilolitamka baada ya kiharusi lilikuwa tusi. Sitaliandika hapa. Ni tusi la Kimatengo, zito, ambalo hata walevi wa kilabuni hulitoa tu wakiwa tayari kupigana. Mama alimtolea padri.

Padri alikuwa amekuja wodini na komunyo. Mama alikuwa amelala siku kadhaa bila kutoa sauti, upande wa kulia umelegea, mdomo umekwenda pembeni. Padri aliinama akamuuliza, "Mama, unaendeleaje?" Mama akafumbua macho, akamtazama kwa heshima aliyokuwa nayo siku zote, akamjibu kwa tusi lile. Akalirudia. Kisha nikaona usoni mwake kwamba amelisikia mwenyewe na kwamba hakulikusudia. Alitaka kujiziba mdomo kwa mkono wa kulia, lakini mkono haukuinuka.

Ili mtu aelewe uzito wa jambo hilo, inabidi amjue mama alikuwa nani. Alikuwa mkulima wa kahawa Matiri, mjane aliyetulea mimi na kaka yangu kwenye mteremko ambao mgeni akisimama anaogopa kuporomoka. Katika jumuiya yetu ndogo ya Kikristo yeye ndiye aliyeongoza rozari, kwa sauti ambayo watu walisema inawafanya wasisinzie. Nyumbani kwake hakuna aliyetukana. Nilipokuwa mdogo niliwahi kumwita kaka mjinga, nikala ugali wangu siku hiyo nimesimama kwa sababu sikuweza kukaa. Sasa mwanamke huyo alibaki na neno moja tu. Akitaka maji, alitukana. Akishukuru, alitukana. Alipojaribu kusali Salamu Maria, neno lilikuwa lile lile, na machozi yalimtoka huku akilisema.

Mimi ni muuguzi. Wakati huo nilikuwa nafanya kazi kwenye kituo cha afya upande wa ziwani, Chiwanda, nilikoolewa. Nilijua kupima presha, nilijua kumgeuza mgonjwa ili asipate vidonda vya kulala. Juu ya usemi sikujua kitu. Chuoni tulifundishwa kwamba mgonjwa wa kiharusi anaweza kupoteza kauli, tukaandika, tukaendelea na mada nyingine. Kwa nini mtu apoteze maneno yote abaki na lile asilowahi kulitumia, hakuna aliyetuambia, na hata madaktari niliowauliza walisema tumpe muda.

Kaka ndiye aliyebaki na mama Matiri. Si mtu mbaya. Aliona aibu, na aibu ilimfanya aseme kwa watu kwamba mama anahitaji kupumzika, hivyo jumuiya ikaacha kuja. Shangazi mmoja alianza kunong'ona kwamba mtu akizidiwa, yaliyofichika moyoni hutoka nje. Niliposikia hivyo niliomba ruhusa kazini, nikapanda kwenda kumchukua. Tulishuka naye hadi Mbinga, kutoka hapo tukapita milimani mpaka ziwa likaonekana, mama ameegemea bega langu. Sababu yangu kubwa ilikuwa rahisi. Kwetu ziwani watu wanasema Kinyasa na Kimpoto. Nilidhani angalau hawatamwelewa.

Mume wangu alimwelewa, maana amekaa na mimi miaka mingi. Mkwe kumtukana mkwewe, hakuna aibu inayozidi hiyo. Asubuhi ya kwanza alisimama mlangoni mbali kidogo, kama inavyompasa, akasema, "Shikamoo mama." Mama akamjibu kwa neno lake. Mume wangu akasema, "Asante mama, mimi pia nimeamka salama," akaenda zake. Nilimpenda upya siku ile.

Baada ya masika alikuja msichana mmoja. Alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, anasomea tiba ya usemi na lugha, fani ambayo mimi nilikuwa siijui hata jina. Alitumwa ukanda wa ziwa kwa ajili ya utafiti wake: kuwatafuta watu waliopotewa na kauli na kuona familia zao zinaishije nao. Mganga mkuu wa kituo akanikabidhi nimtembeze vijijini. Hakuwa na mahali pa kufikia penye utulivu, nikampa chumba kwangu.

Jioni aliyofika nilimtayarisha kabla hajaingia ndani. Nilimwambia, "Mdogo wangu, mama yangu atakutukana. Usimchukie."

Akaniuliza, "Neno moja lile lile?"

"Umejuaje?"

Aliingia, akapiga goti mbele ya kigoda cha mama, akasema, "Shikamoo mama." Mama akatukana. Msichana akatulia akimtazama usoni, akasema polepole, "Marahaba umeisema vizuri, mama. Nimeielewa. Si neno ulilolitaka, lakini nimekuelewa." Hakucheka, hakugeuza macho kutazama pembeni kama tulivyozoea sote kufanya, mimi nikiwemo. Mama alimshika mkono kwa mkono wake mzima, hakuuachia mpaka chakula kikaiva.

Baada ya chakula alitueleza, akihakikisha kwamba anamweleza mama na si sisi. Alisema maneno tunayoyatunga wenyewe na maneno yanayojitokea hayapiti njia moja kichwani. Nyimbo, sala tulizozikariri, kuhesabu, na matusi, hayo hujitokea. Kiharusi kimeharibu njia ya kutunga, neno moja la kujitokea limeng'ang'ania. "Kwa hiyo hata kama hukuwahi kulisema maisha yako yote," alimwambia, "ulilisikia. Hilo linatosha. Halisemi lolote juu ya moyo wako." Mama alilia kwa sauti. Nadhani ndipo nilipotambua kwamba miezi yote ile alikuwa anaelewa kila tulichosema mbele yake, pamoja na manong'ono ya shangazi.

Wakaanza kazi. Kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, walikaa barazani. Msichana alikishika kiganja cha kushoto cha mama, anakipigapiga taratibu kwa kidole huku akiimba sentensi fupi kwa sauti ya kupanda na kushuka: "Nataka maji. Nataka uji." Mama alifuatisha kwa mguno, baadaye kwa vokali, baadaye kwa vipande. Nilitoka kwenda kazini nikiwaacha wanaimba, nikirudi nawakuta mmoja anachambua usipa, vidagaa vya ziwani, mwingine anamwonyesha kwa kidole waliosahaulika. Msichana alijifunza kula ugali wa muhogo kwetu. Alimsuka mama nywele. Alimwita mama tu, bila kuongeza jina la yeyote, na mimi aliniita dada.

Siku moja alinifuata kituoni akikimbia kiatu mkononi. Nilidhani mama ameanguka. "Amesema joto," aliniambia. "Dada, amekaa barazani, amejifuta jasho, akasema joto. Sikumwimbia. Kalitoa mwenyewe." Tulikumbatiana mbele ya wajawazito waliokuja kliniki. Mtu wa Matiri, aliyezoea ukungu na sweta, neno lake la kwanza jipya lilikuwa malalamiko juu ya ziwa letu.

Yalifuata mengine. Uji. Hapana. Njoo. Hapana lilimfurahisha sana, akawa analitumia hata pasipohitajika. Tusi halikuondoka, lakini lilirudi nyuma, likaja tu akichoka.

Ilipokaribia mwisho wa utafiti, msichana alileta kamera. Alisema anahitaji picha za video, ili mwalimu wake aone hatua za mazoezi. Mama alipoiona ile kamera alivuta kitenge kikafunika uso wote. Hakuwa na neno la kueleza, ila hakuna aliyehitaji maelezo.

"Mama hataki aonekane," nilisema.

"Nimeona," alijibu msichana. Akachuchumaa mbele yake. "Mama, sikiliza. Sura yako nitaificha. Watakaoiona ni mimi na mwalimu wangu, basi. Na lile neno nitaliondoa. Hakuna atakayelisikia." Akaugusa mkono wake. "Unanikubalia au hunikubalii? Sema hapana kama hutaki. Hapana unaijua."

Mama alishusha kitenge. Alimtazama muda mrefu. Hakusema hapana.

Nakumbuka jinsi alivyomuuliza, kwa upole na kwa utaratibu, akampa na neno la kukatalia. Hata leo nikifundisha wauguzi wapya namna ya kumwomba ridhaa mgonjwa asiyeweza kusema, nawafundisha kama alivyofanya yeye.

Aliondoka. Alipiga simu mara kwa mara, tukamwekea mama simu sikioni, akamwambia "njoo". Halafu simu zikapungua, kama ilivyo kwa watu wenye masomo na kazi. Hatukumlaumu.

Mwaka uliofuata niliitwa Songea kwenye mafunzo ya wauguzi kuhusu wagonjwa wa kiharusi: kumeza, kusema, kusikia. Nilifurahi, kwa sababu nilijua tayari kitu ambacho wenzangu hawakijui. Nilipoingia ukumbini nikamwona mbele, amevaa suti, anaunganisha projekta. Amehitimu, ameajiriwa, na sasa ni mwezeshaji. Alinijia akanikumbatia. Aliuliza habari za mama. Niliwaambia waliokaa karibu nami kwamba yule ni mdogo wangu, ameishi kwangu. Alisikia, akatabasamu. Sasa najua kwamba alikuwa na nafasi ya kuniambia pale, na nyingine wakati wa chai.

Baada ya chai alizima taa za mbele. Akasema tutamwona mgonjwa mmoja, mama wa makamo, mkulima, mcha Mungu, kiongozi wa sala. Alilitaja hilo la sala kwa mkazo. Ukutani akatokea mama yangu.

Uso wake wote ulionekana, mdomo uliopinda, mate kwenye pembe ya mdomo, kigoda chetu, baraza yetu, kuku wetu wakipita nyuma. Zilikuwa picha za siku za mwanzo, ambazo mimi sikujua kwamba zilipigwa, pengine kwa simu yake nikiwa kazini. Sauti ya msichana ikauliza, "Mama, wewe unasali rozari?" Halafu alifanya jambo ambalo silisahau. Alisimamisha video hapo. Aliwatazama washiriki, akangoja kidogo, kama msimulizi anayejua kazi yake, kisha akabonyeza. Mama akajibu kwa neno lake.

Ukumbi ulikuwa umejaa watu wa Mbinga, watu wa Mpepai, watu wa Kingerikiti. Wamatengo walicheka kwanza. Wangoni wa Songea wakauliza amesema nini, wakatafsiriwa, nao wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Walicheka kama mtu yeyote angecheka, na msichana alitabasamu nao akiwaacha wamalize.

Niliinuka nikaenda mbele. Sikuwa nimepanga la kufanya. Nilisimama katikati ya projekta na ukuta, na uso wa mama ukaangukia kwenye blauzi yangu nyeupe, ukiendelea kusogea. Nilisema, "Huyu ni mama yangu. Zima."

Alizima. Hakuna aliyenyanyua kichwa. Muuguzi mmoja mtu mzima, aliyekuwa amecheka sana, alikuja akaniongoza nje kwa kunishika kiwiko kama mgonjwa.

Msichana alinifuata uani. Alikuwa akilia, na sikuwa na shaka kwamba machozi yale ni ya kweli. "Dada, mwalimu wangu alisema sura ikifunikwa wanafunzi hawauoni mdomo. Hawajifunzi. Nilitaka nikupigie, nikashindwa pa kuanzia."

"Na neno? Ulisema utaliondoa."

"Neno ndilo somo lenyewe. Kuna kina mama wangapi kama yeye wamefichwa ndani, watu wanadhani wamerogwa? Wauguzi hawa wote sasa wanajua. Wakimkuta mtu wa hivyo hawatamcheka."

"Wamecheka sasa hivi."

Aligeuka kuutazama mlango wa ukumbi.

"Ulisimamisha," nilimwambia. "Ulingoja ili wacheke."

Alifuta uso, akasema kwa sauti ndogo, kama anayesema ukweli wa kazi, "Darasa likicheka, halisahau."

Alichokisema kilikuwa sahihi, na nadhani ndiyo maana kiliniuma zaidi. Angekuwa mjinga au mwongo ningemsamehe njiani nikirudi. Alikuwa mtaalamu mzuri aliyepima aibu ya mama yangu na faida ya wengine, akaamua peke yake, bila sisi, baada ya kula mezani petu.

Nilirudi ziwani nikamwambia mume wangu tu. Tulikubaliana mama asijue. Lakini mshiriki mmoja alikuwa ameirekodi ile picha ukutani kwa simu, na kabla ya Pasaka ilikuwa inazunguka kwenye makundi ya wasapu, imeandikwa maneno ya kuchekesha. Ilifika Mbinga. Ilifika Matiri. Kaka alinipigia. Hakunifokea. Aliniuliza tu, "Mlimpeleka huko ili iwe hivi?"

Mama alitaka kwenda kwao kwa sikukuu. Alikuwa na maneno ya kutosha sasa, na alikuwa amejifunza upya kuanza Salamu Maria kwa wimbo. Nilijaribu kumzuia kwa visingizio, akaniambia "hapana" zake. Tukapanda. Wanawake wa jumuiya walikuja kumsalimia kwa wingi kuliko ilivyotakiwa, na walikuwa wanamtazama mdomo. Mama hakuwa mtoto. Alimwita mmoja wao, binti wa jirani, akamnyooshea kidole kwenye simu aliyoificha ndani ya khanga. Binti alinitazama mimi. Mama akarudia kidole. Binti akamwonyesha.

Aliitazama mpaka mwisho. Alisikia kicheko cha ukumbini, kwa sababu nacho kilirekodiwa. Akarudisha simu, akaomba kwa ishara apelekwe kitandani. Kuanzia hapo hakusema tena. Si kwamba maneno yaliondoka. Nilimwona akiyatengeneza mdomoni na kuyameza. Uji, joto, njoo, aliyaacha yote, akarudi kwenye kidole. Hata tusi halikuja tena. Ninaweza kusema kwamba kiharusi kilimnyamazisha mama mara moja, na mara ya pili alinyamaza mwenyewe.

Nilimrudisha Chiwanda. Kipupwe kilipoanza, msichana alikuja. Hakutuma taarifa. Nilimkuta amesimama kwenye ua, mkoba begani. Ningemfukuza, lakini mama alikuwa amemwona kutoka barazani, akamwita kwa mkono.

Msichana alipiga goti kama siku ya kwanza. Aliomba msamaha, kwa maneno mafupi, bila kujitetea, na alisema vizuri. Mama alimsikiliza akiangalia ziwa. Msichana alipomaliza, alikichukua kiganja cha kushoto cha mama, akaanza kukipigapiga kwa kidole na kuimba kwa sauti ya chini. Pengine hakujua la kufanya jingine. Mama aliuacha mkono kwa muda. Kisha akauvuta, akaulaza mapajani.

Midomo yake ilihangaika. Nilitaka kumsaidia, nikajizuia.

"Wewe," alisema mama. Akatulia, akavuta pumzi. "Wewe ulijua."

Alikuwa hajawahi kuunga maneno mawili ya kwake tangu augue. Nami nikamwona msichana. Kwa kitambo kifupi sana uso wake uling'aa. Alifurahi. Mgonjwa wake alikuwa ametunga sentensi, yenye mtendaji, yenye kitenzi, na kitenzi kimeambishwa sawasawa kwa wakati uliopita. Midomo yake ilifunguka kumsifu, kama alivyomsifu kwa joto na kwa uji. Ndipo maana ya sentensi ikamfikia, na uso ukaanguka.

Aliondoka kabla ya chakula. Mama hakumtazama akienda.

Mama bado yupo nami. Anasema kidogo, kwa Kimatengo, na wanangu tu, wakiwa hakuna mgeni, na nikiingia anaweza kuendelea au kuacha, ni juu yake. Sijamfanyisha mazoezi tena.

Msichana yule sasa yuko kwenye hospitali moja huku kwetu kusini. Kwa upande wetu wote, kutoka ziwani hadi milimani, mtaalamu wa usemi ninayemfahamu ni yeye peke yake. Juzi aliletwa kituoni mvuvi wa makamo, kiharusi kimemwondolea kauli, na mke wake alikuwa ameshaambiwa na majirani ampeleke kwa mganga wa kienyeji. Nilimkalisha chini nikamweleza kuhusu maneno ya kutunga na maneno ya kujitokea. Nilimweleza kwamba mume wake anaelewa kila kitu, na mbele yake waseme kwa adabu. Kisha nikamwandikia rufaa kwenda kwa yule msichana, kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kumwandikia.

Mke wa mvuvi aliishika ile karatasi, akaniuliza, "Unamfahamu huyu, sista? Ni mtu mwema?"

"Anaijua kazi yake," nilimwambia. "Akileta kamera, kataeni."